Hitilafu ya Programu au Kasoro ya Usanidi? Uchunguzi wa Matatizo katika Seva ya Taswira za Diski ya FOG

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna ya kutambua chanzo cha matatizo yanayojitokeza katika FOG, programu huria ya seva inayonasa na kusambaza taswira za diski kwa njia ya mtandao. Swali linaloongoza mjadala ni hili: fundi anapokutana na ujumbe wa kosa, atajuaje kama chanzo chake ni hitilafu iliyomo ndani ya programu au ni usanidi uliofanywa na yeye mwenyewe au na aliyemtangulia? Makala inadai kwamba mahali kosa linapoonekana mara nyingi sipo lilipozaliwa, kwamba sehemu ya yale yanayoitwa makosa ya mtumiaji ni matokeo ya muundo wa programu yenyewe, na kwamba uamuzi wa haraka juu ya suala hili unaweza kugharimu taswira ambayo fundi alikuwa akiihangaikia.

1.0 Utangulizi

Taswira ya diski ni nakala ya yaliyomo katika diski ya kompyuta moja, ikiwa ni pamoja na mfumo endeshi, programu zilizowekwa na mpangilio wa sehemu za diski, iliyohifadhiwa kama mafaili ili iweze kurudishwa katika kompyuta hiyo au kuwekwa katika nyingine. Faida yake huonekana mahali penye kompyuta nyingi za aina moja, kama vile maabara ya chuo, chumba cha mitihani au ofisi kubwa. Badala ya fundi kuweka mfumo endeshi katika kila kompyuta, huandaa kompyuta moja ya mfano, akanasa taswira yake, kisha akaisambaza.

FOG ni miongoni mwa programu huria zinazofanya kazi hiyo. Ilianzishwa mwaka 2007 na Chuck Syperski pamoja na Jian Zhang, na hutolewa kwa leseni ya GPL toleo la 3. Neno "programu" hapa lina upana wake. FOG si programu moja iliyoandikwa tangu mwanzo hadi mwisho na kundi moja la watu. Ni mkusanyiko wa huduma nyingi za Linux zilizounganishwa kwa msimbo wa PHP na wa bashi. Ndani yake mna seva ya wavuti ya Apache, hifadhidata ya MySQL au MariaDB, huduma ya TFTP, huduma ya NFS, huduma ya FTP, na mara nyingine huduma ya DHCP. Kazi ya kunakili diski hufanywa na Partclone, na usambazaji kwa kompyuta nyingi kwa mara moja hufanywa na programu ya udpcast. Kompyuta mteja huanzishwa kwa iPXE, ambayo nayo ni mradi unaojitegemea.

Muundo huu ndio unaofanya suala la chanzo cha kosa kuwa gumu. Programu ya aina hii inapokwama, wanaoweza kuhusika ni wengi: waandishi wa FOG, waandishi wa mojawapo ya huduma hizo, watengenezaji wa kadi ya mtandao, msimamizi wa swichi, au fundi aliyebadilisha neno la siri miezi sita iliyopita na kusahau. Kwa kuwa programu ni huria, hakuna ofisi ya kupigiwa simu inayolazimika kubeba lawama. Mtumiaji ndiye mchunguzi wa kwanza, na ubora wa uchunguzi wake ndio unaoamua kama tatizo litatatuliwa.

2.0 Mnyororo wa hatua

Ili kuelewa mahali kosa linapozaliwa, ni lazima kwanza kufuata safari ya kompyuta mteja kuanzia inapowashwa. Programu dhabiti iliyomo katika ubao mama huomba anwani kwa DHCP, na pamoja na anwani hiyo huelezwa jina la seva na la faili la kuanzia. Faili hilo, ambalo ni iPXE, hushushwa kwa TFTP. iPXE ikishaanza huomba anwani tena kwa DHCP, hushusha faili dogo liitwalo default.ipxe, na faili hilo huielekeza kwa seva ya wavuti kwenye ukurasa wa boot.php, ikiwa imebeba anwani ya MAC ya kompyuta hiyo. Seva hutazama katika hifadhidata kama kompyuta hiyo imepangiwa kazi. Ikiwa ipo, kompyuta hushusha kwa HTTP kerneli ya Linux na mfumo mdogo unaofahamika kama FOS. Kerneli hiyo nayo huomba anwani kwa mara ya tatu, huunganisha saraka ya taswira kwa NFS, na ndipo Partclone huanza kazi. Kazi ikiwa ni ya kunasa, kuna hatua moja zaidi baada ya Partclone kumaliza, nayo itajadiliwa kwa kirefu katika sehemu ya 3.0.

Jambo linalostahili kuzingatiwa katika mnyororo huu ni kwamba anwani huombwa mara tatu, na kila mara inaombwa na programu tofauti inayotumia kiendeshi tofauti cha kadi ya mtandao. Kwa hiyo hoja inayosikika mara nyingi miongoni mwa mafundi, kwamba "mtandao hauna tatizo kwa sababu kompyuta ilishapata anwani", haina nguvu inayodhaniwa kuwa nayo. Inachothibitisha ni kuwa programu dhabiti ya ubao mama iliweza kuongea na mtandao. Haithibitishi kwamba iPXE inaweza, wala kwamba kerneli ya Linux inaitambua kadi hiyo.

Kanuni ya uchunguzi inayotokana na hali hii ni nyepesi kuitaja na ngumu kuifuata: tafuta hatua ya mwisho iliyofaulu kwa ushahidi, si hatua ya kwanza iliyolalamika. Ujumbe wa PXE-E51 huonyesha kwamba hakuna seva ya DHCP iliyojibu. PXE-E53, kwamba jibu lilikuja bila jina la faili la kuanzia. PXE-E32, kwamba TFTP haikujibu kwa wakati. Ujumbe huu wa aina tatu hutoka katika hatua za kabla ya FOG kuanza kazi hata kidogo, na mtu anayeupata hana sababu ya kugusa hifadhidata wala kurasa za usimamizi. Hata hivyo, hatua ya kwanza ya mafundi wengi ni kuweka FOG upya. Mwandishi anaona tabia hiyo kuwa na madhara mawili: haigusi chanzo, na inafuta kumbukumbu za seva ambazo zingemsaidia mchunguzi.

3.0 Kosa linaloonekana mwishoni

Hakuna mfano unaofaa zaidi kwa hoja ya makala hii kuliko tatizo la kunasa taswira kunakofika asilimia 100 kisha kukashindwa. Fundi amesubiri dakika arobaini au saa nzima. Mstari wa Partclone umejaa. Kisha kioo kinaonyesha kwamba kuhuisha hifadhidata kumeshindikana, na chini yake kuna maelezo ya ftp_login na kauli kwamba kuingia si sahihi. Katika orodha ya taswira, ukubwa wa taswira mpya unasomeka sifuri.

Anayesoma ujumbe huo kwa juu huikimbilia hifadhidata. Hifadhidata haina kosa lolote.

Ili kuona kilichotokea, tuanzie katika muundo wa saraka. FOG huhifadhi taswira zilizokamilika katika saraka ya /images, na saraka hiyo hutolewa kwa NFS kwa kusomwa tu. Ndani yake kuna saraka nyingine, /images/dev, ambayo hutolewa kwa kusomwa na kuandikwa. Sababu ya utengano huu ni ya kiusalama. NFS kama inavyotumika hapa haidai neno la siri; kompyuta yoyote katika mtandao inaweza kuunganisha saraka hizo. Laiti /images ingekuwa wazi kwa kuandikwa, kompyuta yoyote ingeweza kuharibu taswira ambayo taasisi nzima inaitegemea. Kwa hiyo taswira inayonaswa huandikwa kwanza katika /images/dev, ndani ya saraka ndogo yenye jina la anwani ya MAC ya kompyuta husika. Kazi ikikamilika, FOS huiarifu seva ya wavuti kwa HTTP, na msimbo wa PHP huingia katika hifadhi ya taswira kwa FTP ili kuiondoa taswira ya zamani, kama ipo, na kuihamishia mpya mahali pake.

Kwa nini FTP, ilhali seva ya wavuti na saraka ya taswira mara nyingi zimo katika mashine ileile? Kuna sababu mbili. Kwanza, akaunti inayoendesha Apache haina haki juu ya mafaili ya taswira, na haifai kupewa. Pili, FOG inaruhusu taswira kuhifadhiwa katika seva nyingine kabisa, na FTP hufanya kazi kwa namna ileile iwe hifadhi iko hapohapo au jengo la jirani. Uamuzi huo una mantiki. Gharama yake ni kwamba seva inahitaji jina la akaunti na neno la siri ili iongee na nafsi yake.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Neno hilo la siri halikai mahali pamoja. Lipo katika akaunti ya Linux yenyewe. Lipo katika faili la /opt/fog/.fogsettings linalosomwa na programu ya kuweka FOG. Lipo katika maelezo ya hifadhi ya taswira ndani ya hifadhidata. Na lipo katika mipangilio ya seva ya TFTP, ambayo nayo iko katika hifadhidata lakini katika ukurasa mwingine wa usimamizi. Mahali panne kwa neno moja. Fundi akilibadilisha katika mahali pamoja, labda kwa kufuata sera nzuri ya taasisi yake ya kubadilisha maneno ya siri kila baada ya muda, hakuna kitakachoharibika siku hiyo. Usambazaji wa taswira utaendelea, kwa kuwa unatumia NFS. Kosa litajitokeza siku mtu atakaponasa taswira mpya, na pengine mtu huyo hatakuwa yeye aliyebadilisha.

Je, hilo ni kosa la mtumiaji? Kwa tafsiri ya kawaida, ndiyo: programu ilifanya ilichoagizwa, na maelezo aliyopewa hayakuwa sahihi. Mwandishi wa makala hii hakubaliani na tafsiri hiyo. Programu inayohitaji thamani moja iwe sawa katika mahali panne, bila kuwa na njia ya kugundua kwamba imetofautiana, imemwekea mtumiaji mtego hata kama kila mstari wa msimbo wake ni sahihi. Historia ya FOG inaunga mkono mtazamo huu. Katika matoleo ya awali akaunti hiyo iliitwa fog, jina ambalo wasimamizi wengi walilichukulia kuwa akaunti ya kawaida ya kuingilia katika seva, na hivyo wakalibadilisha neno lake la siri bila wasiwasi. Katika matoleo ya baadaye ya mfululizo wa 1.5 akaunti ilipewa jina la fogproject, na programu ya kuweka FOG ikawekewa onyo kwamba hiyo ni akaunti ya mfumo isiyotakiwa kutumiwa na mtu. Waandishi hawakurekebisha msimbo uliokosea. Walirekebisha jina lililopotosha. Huo ni ushahidi tosha kwamba walitambua chanzo kiko upande wao pia.

Namna ya kuthibitisha ni rahisi, nayo haihitaji kunasa tena. Katika seva yenyewe, fundi hujaribu kuingia kwa FTP akitumia jina na neno la siri kama yalivyoandikwa katika maelezo ya hifadhi ya taswira. Akikataliwa, hatua yenye kosa imejulikana, na zile thamani nne zinaweza kulinganishwa. Akikubaliwa lakini kuhamisha kukashindikana, suala ni la haki za mafaili, au /images na /images/dev ziko katika diski mbili tofauti, kwa kuwa kubadilisha jina la saraka hakuwezi kuvuka mpaka wa mfumo wa mafaili.

Kuna jambo moja ambalo miongozo mingi hulipita haraka, nalo ndilo lenye uzito. Kunasa kuliposhindwa katika hatua hii, taswira haikupotea. Iko kamili katika /images/dev, ndani ya saraka yenye jina linalofanana na anwani ya MAC, jina lisilo na maana kwa asiyejua. Fundi anayetafuta nafasi katika diski iliyojaa, au anayesafisha kabla ya kujaribu tena, huiona kama takataka. Ikiwa kompyuta ya mfano imekwishafutwa, au imekwishaanzishwa baada ya kuandaliwa kwa Sysprep, basi saraka hiyo ndiyo nakala pekee ya kazi ya siku kadhaa. Kinachotakiwa ni kuihamishia kwa mkono ndani ya /images kwa jina lililotajwa katika maelezo ya taswira, kurekebisha umiliki wake, na kuijaribu katika kompyuta moja isiyo na data ya thamani kabla ya kuitangaza kuwa salama. Tahadhari hiyo ya mwisho ni muhimu kwa sababu kusambaza taswira hufuta kila kilichomo katika diski inayopokea.

4.0 Anwani iliyosahauliwa

Kinachosemwa juu ya neno la siri kinahusu pia anwani ya IP ya seva. Seva ikihamishiwa katika mtandao mwingine, anwani yake mpya inapaswa kuingizwa katika .fogsettings, katika default.ipxe, katika maelezo ya hifadhi ya taswira, katika mipangilio ya wavuti na ya TFTP ndani ya hifadhidata, na katika seva ya DHCP. Dalili hutegemea ni pahali gani palipoachwa. Ikiwa ni default.ipxe, kompyuta itapakua iPXE vizuri, kisha itasimama ikijaribu kufikia boot.php katika anwani isiyokuwepo tena. Ikiwa ni maelezo ya hifadhi ya taswira, orodha ya kazi itaonekana kama kawaida na kompyuta itakwama wakati wa kuunganisha NFS.

Jina la kiolesura cha mtandao nalo huleta utata wa aina hii. Mfumo wa Linux uliokuwa ukikiita kiolesura cha kwanza eth0 sasa hukiita enp0s3, ens192 au jina jingine kulingana na vifaa. Ikiwa maelezo ya hifadhi ya taswira bado yanataja eth0, usambazaji kwa kompyuta mojamoja hautaathirika, lakini usambazaji kwa kompyuta nyingi kwa pamoja utasimama, kwa sababu udpcast huelekezwa kutuma kupitia kiolesura ambacho hakipo. Kompyuta zote hukaa zikisubiri. Fundi huhitimisha kuwa swichi zake hazimudu usambazaji wa pamoja, na kweli zipo swichi za namna hiyo, lakini ni vyema kulitazama jina la kiolesura kabla ya kuomba fedha za swichi mpya.

Ikumbukwe vilevile kwamba kuendesha upya programu ya kuweka FOG husoma .fogsettings na kuandika upya baadhi ya mafaili ya usanidi. Marekebisho yaliyofanywa kwa mkono katika default.ipxe yanaweza kutoweka siku ya kuhuisha toleo, na malalamiko kwamba "toleo jipya limeharibu seva" yakawa na chanzo hicho.

5.0 Matatizo yaliyo nje ya seva

Baadhi ya matatizo yanayohesabiwa kuwa ya FOG hayamo kabisa katika seva. La kwanza ni itifaki ya mti unaotanda katika swichi, inayofahamika kwa kifupi STP. Katika utaratibu wake wa awali, tundu la swichi likiunganishwa na kifaa hukaa sekunde 15 likisikiliza na sekunde 15 nyingine likijifunza kabla ya kupitisha data. iPXE na FOS kila moja inapoanzisha kiendeshi chake, muunganisho huzimika na kuwaka tena, na hesabu ya sekunde 30 huanza upya. Wakati swichi inapokuwa tayari, mteja amekwishakata tamaa. Kipimo cha tatizo hili hakihitaji elimu ya juu wala chombo cha gharama: chukua swichi ndogo ya bei nafuu isiyo na usimamizi, iweke kati ya kompyuta na swichi kubwa, ujaribu tena. Swichi ndogo huufanya muunganisho wa swichi kubwa usizimike kompyuta inapoanzisha kiendeshi kipya. Tatizo likitoweka, chanzo kimejulikana, na suluhisho la kudumu ni kumwomba msimamizi wa mtandao kuwezesha upitishaji wa haraka katika matundu ya kompyuta za watumiaji.

La pili ni tofauti kati ya kompyuta za BIOS na za UEFI. Ya kwanza huhitaji faili la undionly.kpxe na ya pili ipxe.efi au snponly.efi. Seva ya DHCP inayotoa jina moja kwa zote itaridhisha nusu ya kompyuta na kuangusha nusu nyingine. Kompyuta hujitambulisha aina yake kupitia chaguo namba 93 la DHCP, hivyo seva inayoweza kusoma chaguo hilo inaweza kutoa jina linalofaa. Pale ambapo fundi haruhusiwi kugusa DHCP ya taasisi, programu ya dnsmasq inaweza kuwekwa katika seva ya FOG ili itoe maelezo ya kuanzia tu, huku anwani zikiendelea kutolewa na seva ya taasisi.

Katika matatizo ya hatua hizi za mwanzo, kunasa mazungumzo ya mtandao kwa tcpdump katika milango ya 67, 68, 69 na 4011 kuna thamani kuliko kurasa nyingi za kubahatisha. Humwonyesha mchunguzi nani aliyejibu. Si ajabu kugundua kwamba majibu ni mawili, na kwamba la pili linatoka katika rauta ndogo ambayo mtu aliichomeka chini ya meza ili apate intaneti isiyo na waya.

Tatizo la tatu limo katika diski inayonaswa. Windows ikizimwa huku kipengele chake cha kuwasha haraka kikiwa kimewezeshwa, haizimiki kikamilifu. Huacha mfumo wa mafaili ukiwa katika hali ya usingizi, na FOS hukataa kuupunguza au kuunasa. Kukataa huko si hitilafu bali ni ulinzi. Diski iliyosimbwa kwa BitLocker ni kesi ngumu zaidi. Partclone hupata kasi yake kwa kusoma ni vipande gani vya diski vinavyotumika na kuacha vilivyo wazi. Diski ikisimbwa, ramani hiyo haisomeki. Katika kompyuta nyingi mpya za Windows 11 usimbaji huanza wenyewe bila mwenye kompyuta kuuomba, na hivyo fundi anaweza kuapa kwa dhati kwamba hakuwezesha chochote.

Hatimaye kuna faili la .mntcheck, ambalo ni dogo kiasi cha kuchekesha. FOS ikishaunganisha saraka ya taswira hutafuta faili hilo ili kuhakikisha kwamba imeunganisha mahali sahihi. Lipo katika /images na katika /images/dev. Kwa kuwa jina lake linaanza na nukta, halionekani katika orodha ya kawaida, na amri ya kunakili inayotumia alama ya nyota huliacha nyuma. Fundi ananunua diski kubwa zaidi, anahamisha taswira zote, anahakiki ukubwa wake, kila kitu kinalingana. Kompyuta mteja inasema haiwezi kuunganisha saraka. Kilichokosekana ni faili tupu.

6.0 Lini tuseme ni hitilafu ya programu?

Maelezo yaliyotangulia yasichukuliwe kuwa utetezi wa FOG. Hitilafu za kweli zipo. Mfano ulio wazi ni ule uliosajiliwa kwa namba CVE-2024-39914: katika matoleo yaliyotangulia 1.5.10.34, jina la faili lililotumwa katika ukurasa wa kutolea ripoti liliweza kubeba amri, na amri hiyo ikatekelezwa na seva. Hakuna usanidi wa msimamizi uliosababisha hali hiyo. Kwa seva iliyobeba nakala za diski za taasisi nzima, hitilafu ya namna hiyo ina uzito kuliko usumbufu wote ulioelezwa hapo juu, na dawa yake ni kuhuisha toleo.

Kati ya mfano huo na ule wa neno la siri kuna eneo pana la kijivu. Kadi mpya ya mtandao ambayo kerneli ya FOS haiitambui: je, ni hitilafu? Fundi akiweka kerneli mpya zaidi kutoka katika ukurasa wa usimamizi, kadi hutambuliwa, na hakuna aliyekosea isipokuwa muda. Diski ya NVMe isiyoonekana kwa sababu ubao mama umewekwa katika hali ya RAID: hapo programu, kifaa na usanidi vyote vina sehemu yao. Hali kadhalika ipxe.efi inapoganda katika kompyuta fulani ilhali snponly.efi inafanya kazi. Faili la kwanza hutumia viendeshi vyake lenyewe, la pili hutegemea kiendeshi cha programu dhabiti. Tofauti hiyo humwambia mchunguzi kwamba kiendeshi cha iPXE ndicho kinachoshukiwa, na kwamba taarifa ipelekwe kwa mradi wa iPXE, si kwa FOG.

Kigezo kinachopendekezwa hapa ni uwezo wa kurudiwa. Dai la hitilafu liwe na nguvu pale tu tatizo linapojirudia katika seva mpya, ya toleo lilelile, isiyoguswa usanidi wake wa awali, na kompyuta mteja ileile. Seva pepe hurahisisha jaribio hilo. Tatizo lisipojirudia, tofauti kati ya seva mbili ndiyo eneo la utafutaji, na eneo hilo lina mipaka.

Ugumu unajitokeza pale wasanidi wanapoomba, kama ilivyo desturi katika miradi huria, kwamba mlalamikaji ahuishe kwanza toleo lake. Ombi hilo lina haki, kwani hawana muda wa kuwinda hitilafu waliyokwishairekebisha. Kwa mchunguzi, hata hivyo, kuhuisha hubadilisha vitu vingi kwa wakati mmoja: msimbo, kerneli, mafaili ya iPXE na baadhi ya usanidi. Tatizo likitoweka hatajua lilikuwa nini, na likirudi hatakuwa na pa kuanzia. Njia ya kati ni kuhifadhi hali ya seva kabla ya kuhuisha, kwa nakala ya seva pepe au walau kwa kuhamisha nje hifadhidata na saraka ya /opt/fog, kisha kuhuisha na kurudia jaribio lilelile.

Taarifa inayowasilishwa baada ya hapo itaje toleo kamili la FOG, mfumo endeshi wa seva na toleo lake, aina ya kompyuta mteja na kadi yake ya mtandao, faili la kuanzia lililotumika, hatua ya mwisho iliyofaulu, na maneno ya kosa kama yalivyoandikwa, bila kufupishwa. Iambatanishwe na kumbukumbu za Apache, ambazo katika Debian na Ubuntu zimo katika /var/log/apache2, na katika jamii ya Red Hat zimo katika /var/log/httpd pamoja na kumbukumbu za php-fpm. Ikiwa kosa limo ndani ya FOS, kazi ipangwe upya kwa kuchagua hali ya uchunguzi: kompyuta mteja itasimama katika mstari wa amri, ambapo anwani, diski zinazoonekana na muunganisho wa NFS vinaweza kujaribiwa kimojakimoja, na amri ya fog huendesha kazi hatua kwa hatua. Matokeo ya kila jaribio yaandikwe, yakiwemo yaliyofaulu, kwa sababu msomaji wa taarifa, ambaye huenda yuko bara jingine na hana kompyuta hiyo mbele yake, hana njia nyingine ya kujua ni kiungo kipi cha mnyororo kilichokwishapimwa.